Ng'ombe Ambao Hukuwaona

Misunkumilo, jioni, kesho unasafiri

Skola wangu mkaidi,

Umetoka kwenda Kawajense kuaga rafiki zako, umeniachia begi katikati ya sebule, zipu wazi, na juu kabisa viatu vya ofisi ambavyo wiki nzima umevijaribu kwa kutembea navyo humu ndani kama askari wa zamu. Nimejaribu kulifunga hilo begi, limenishinda. Nimelikalia, limenishinda. Basi nimeona badala ya kupigana na begi nipigane na mwenye begi, tena kwa maandishi, maana kwa mdomo hunipi nafasi. Nikianza sentensi wewe umeshaimaliza, na umeimaliza vibaya.

Sikuandikii habari za chakula cha njiani wala za kufunga mlango usiku. Dar umeishi miaka yote ya chuo, unaijua kuliko mimi ninayeisikia redioni. Nataka kukuandikia kuhusu Masanja, mume wangu. (Acha niandike tena, naona raha: mume wangu.) Na kuhusu watu utakaokaa mbele yao wiki ijayo. Kwangu ni habari moja. Na hapo ulipo ukikunja uso, ujue nakuona.

Mwaka huu umenichosha, mwanangu. Nasema kwa upendo, lakini umenichosha. Umerudi na digrii, watu wakaja kukupongeza, na benki pale mjini wakakuita kazini: kaunta nzuri, feni juu, jirani na soko. Ukakataa. "Mama, hiyo ni benki ya kuweka na kutoa. Mimi nataka uwekezaji." Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayejibu mtaa mzima.

"Mama Skola, binti kapata benki gani?"

"Anatafuta benki isiyo na kaunta."

"Sasa hela wanapitishia wapi?"

"Sijui, mama. Ngoja aje mwenyewe."

Mpaka siku ulipopata huruma ukanikalisha, ukanieleza taratibu. Nikaelewa kwamba kuna watu wanakusanya fedha za wenye nazo, wanamfuata mtu aliyejenga kampuni yake, wananunua sehemu, wanakaa naye miaka kadhaa wakiikuza, halafu wanauza ile sehemu kwa bei ya juu na kuondoka. Hiyo ndiyo praiveti ekwiti yako. Na wengine kazi yao ni kumshika mkono muuzaji na mnunuzi mpaka wakubaliane, na hao ndio benki isiyo na kaunta. Nikasema sawa, ni kazi, siyo ndoto. Lakini hukuniambia kwamba kuingia humo kutaifanya nyumba yangu iwe ukumbi wa mazoezi.

Ukawa unaamka alfajiri kuzungumza Kiingereza na kabati la vyombo. Unajitambulisha kwa kabati, unacheka kidogo, unaliambia kabati kwa nini unaipenda hii kazi tangu utotoni, wakati utotoni ulikuwa unapenda kuiba sukari tu. Mara umwandikie mtu wa Nairobi usiyemjua umwombe akupe muda kidogo wa mazungumzo. Mara umsimamishe kijana wa bodaboda umwulize Mpanda nzima kuna pikipiki ngapi, kwa sababu eti kwenye usaili wanauliza mambo ya namna hiyo kuona unavyofikiri. Yule kijana akadhani wewe ni mtu wa kodi. Akawasha chombo akaondoka bila abiria.

Masanja alikuwa bado mgeni hapa siku aliposikia sauti yako kutoka ndani.

"Felista, huyo mtoto anaongea na nani?"

"Na kabati."

Akafikiri. "Linamjibu?"

"Bado."

Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa ndani. Nilicheka mpaka nikaketi. Unaona ananiita Felista? Tangu nimalize kidato cha nne hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa mke wa baba yako, Mungu amrehemu, halafu nikawa Mama Skola, halafu Mama Mchele. Huyu alikuja kununua pumba za ng'ombe, akaniuliza jina langu la ubatizo, na akalitamka kama kitu alichokuwa amekitafuta muda mrefu. Najua unaona aibu kusoma haya. Vumilia. Nina umri wa kuitwa bibi, na nikisikia pikipiki yake kwenye kona bado najitazama kwenye sufuria.

Turudi kwako. Mara mbili umefika mwisho kabisa, kwenye meza ya wakubwa, na mara mbili wamekurudisha. Safari hii umesema mwenyewe: "Mama, wakinikataa hawa, basi." Nakujua. Ukisema basi, ni basi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Yule dada wa usaili wa mara ya pili, Mungu ambariki, hakutuma ujumbe kama wenzake, alipiga simu. Ulikuwa umeweka spika, mimi nachambua mchele pembeni. Alisema, "Skola, hesabu zako zilikuwa bora kuliko za wote. Lakini tulimweka mwenzetu ajifanye mzee mwenye kiwanda cha alizeti, tukakwambia ukae naye umsikilize. Ulipoanza tu, akafunga faili lake. Kwenye hii kazi, mwenye kampuni akifunga faili, hizo hesabu utazipiga kwa kutumia nini?"

Ulipokata simu ukasema, "Wanataka watu wa kuchekacheka." Ukaenda kuoga.

Mimi yule mwenye kiwanda nilikuwa nimeshamwona. Alikuwa ameketi kwenye kochi letu, ndani ya koti la kahawia, siku ya mazungumzo ya mahari.

Unaikumbuka kwa namna yako, mimi nitaiandika kwa namna yangu. Mjomba wako Kasiano alikuwa ametoka Karema tangu juzi yake, kaka yangu mkubwa, amevaa shati la kanisani, na samaki wake mkavu ameshaujaza mji harufu. Upande wa pili mshenga, mzee Ngassa, na Masanja mwenyewe kwenye kochi karibu na mlango, na koti lake la kahawia, kimya, kama inavyompasa anayeombewa. Mazungumzo yalikuwa matamu. Mzee Ngassa alisema, "Sisi hatukuja na maneno, tumekuja na ng'ombe." Mjomba akajibu, "Ng'ombe tunawapokea, na maneno pia, maana kwetu ziwani tumezoea samaki, samaki haongei." Watu wakacheka. Mimi jikoni nimeegemea ukuta, moyo unanidunda kama msichana wa kwaya.

Ndipo ulipoingia na chai. Chai tu, Skola. Kazi yako ilikuwa chai.

Ukaweka sinia mezani. "Samahani wazee. Hao ng'ombe wako wapi?"

"Skola, chai," mjomba akasema.

"Nimeleta, mjomba. Nauliza tu. Nilipita bomani kwake, nimeona ng'ombe wachache, hawajazi hata uwanja wa netiboli. Mtu anaahidi mali, mali haionekani. Madeni anayo? Na mambo yakiharibika, mama yangu anatokaje?"

"Anatokaje?" Mjomba aligeuka mzima mzima. "Hajaingia, wewe unamtafutia mlango wa kutokea?"

"Ni swali la kawaida, mjomba. Mwekezaji yeyote analiuliza."

Mzee Ngassa akachukua kofia yake. Hakupandisha sauti. "Sisi huwa tunakuja kuoa," akasema. "Leo naona tumeletwa kukaguliwa." Akatoka. Masanja alisimama wa mwisho. Akarudisha kikombe kwenye sinia, akakiweka sawa na vingine, akakwambia, "Asante kwa chai, mayu." Akatoka naye.

Alikuita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wa kike wanayempenda. Baadaye uliniuliza kwa nini mwanaume mzima anakuita mama. Umetoka kumvunja mtu mbele ya wazee wake, na kitu kilichokukera ni hicho!

Sikukupiga. Ningekupiga, lakini ulikuwa umeshakuwa mrefu, na pia ulikuwa umeogopa. Nilikuona. Ulikuwa unakusanya vikombe huku ukivihesabu mara mbilimbili. Ukasema, "Mama, nakulinda." Na mimi nilijua umejifunzia wapi kuogopa. Umejifunzia kwangu.

Ulikuwa darasa la saba. Hukumbuki mengi ila unakumbuka mashine. Mimi na Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge, tulikuwa zaidi ya ndugu. Tukasema tununue mashine ya kukoboa mpunga, nusu kwa nusu, tuache kupanga foleni kwenye mashine za watu. Nikauza shamba la baba yako. Mashine ikafungwa kwenye kiwanja cha nyuma ya duka lake, ikanguruma, na mimi nikawa Mama Mchele. Katika yote yale sikuwahi kumwuliza Zuhura: hiki kiwanja ni cha nani? Nilikuwa nakula kwake, nalala kwake mvua ikinikuta. Nitamwulizaje? Nilidhani kumwuliza rafiki swali kama lile ni kumwambia simwamini. Mumewe akafariki, ndugu zake wakaja kwenye msiba, na baada ya arobaini wakasema kiwanja ni cha ukoo na kilichofungwa juu yake ni cha ukoo. Zuhura alilia kuliko mimi. Hakuniibia. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwuliza mumewe, kwa sababu ileile.

Wewe ulisimama pale, na sare ya shule, ukitazama mlango wa mashine ukifungwa kwa kufuli lisilo letu. Naamini hapo ndipo ulipoamua kwamba wewe utauliza. Sikulaumu. Mimi nimepoteza shamba na mashine kwa kutouliza, kwa hiyo sina mdomo wa kukwambia usiulize. Nakwambia tu kwamba mimi nilidhani swali linavunja heshima, nikalimeza, na wewe unadhani ni lazima heshima ivunjwe kwanza ndipo swali lipite. Wote wawili, mwanangu, tumekosa.

Sasa sikiliza alichofanya Masanja, maana hukuwepo, ulikuwa umekwenda mjini kutafuta mtandao wenye nguvu.

Asubuhi baada ya yale mazungumzo alirudi. Peke yake, bila mshenga, jambo ambalo kwao halifanyiki. Mimi nilikuwa naanika mpunga kwenye turubai, macho yamevimba, kichwani nimefunga kitambaa kibaya kuliko vyote nilivyo navyo. Akasimama nje ya uzio. "Mwangaluka, Felista." Nikamwitikia. Akasema, "Mtoto amesema kweli. Hajaona ng'ombe, kwa hiyo amesema hajaona. Lakini siwezi kumwonyesha."

"Kwa sababu hawapo?"

"Wapo. Wako kwa watu."

Akanieleza, na mimi nakueleza wewe tena, taratibu, kwa sababu mara ya kwanza nilipokueleza ulikuwa na simu mkononi. Tangu walipohama na mifugo kutoka kaskazini, baba yake alimfundisha asiweke ng'ombe wote boma moja. Ugonjwa ukija, au wezi, au ukame, unapoteza wote kwa siku moja. Basi unawagawa: wawili kwa huyu, watano kwa yule, mtu mwaminifu asiye na kitu. Yeye anakunywa maziwa, analima kwa samadi, na baada ya miaka anapata mtamba wake. Hayo naamini ungeyapenda, yanafanana na mambo yako. Lakini kuna lililobaki. Wale watu majirani zao wanajua ng'ombe ni wao. Mtoto wa mule ndani anaposa kwa sababu watu wanaona kwao kuna ng'ombe. Baba wa mule ndani anaitwa kwenye kikao, anapewa kiti.

"Nikianza kuwaonyesha watu ng'ombe wangu," Masanja akasema, "huyo mtu anakuwa maskini kwa siku moja, mbele ya watoto wake. Kwa ajili ya mimi kuoa. Siwezi, Felista. Kama ndoa imeshindikana, imeshindikana. Nimekuja kukuambia usidhani nilidanganya."

Akawasha pikipiki.

Skola, nilikimbia! Nilikanyaga mpunga wangu mwenyewe. Nilimshika pale kwenye kona mbele ya watu wa kisima, na kile kitambaa kichwani, nikamwambia mimi sihitaji kuona ng'ombe hata mmoja, nimeshaona. Sikuwahi kujua kwamba mwanaume anaweza kukubali kukukosa na bado ukajisikia umependwa kuliko maisha yako yote. Ungekuwepo ungeniambia hiyo siyo sababu ya kufanya uamuzi. Huenda. Ila nakuandikia nikiwa na pete.

Na mahari ilikuja, uliona mwenyewe. Ng'ombe hawakuja kundi moja. Siku ile ya sherehe walikuja mmoja mmoja, wawili wawili, kutoka njia tofauti, kila mmoja na mtu wake akisema, "Nimekuja kumchangia rafiki yangu." Masanja akawashukuru mbele ya wote kama mtu aliyesaidiwa. Mjomba Kasiano alikuwa anafuta macho kwa shati la kanisani. Na wewe, mwanangu wa pekee, mwenye digrii, ukaniinamia sikioni ukasema, "Amekopa."

Amekopa! Nilitamani ardhi inimeze na keki yangu.

Ndiyo maana nikamwomba Masanja ruhusa nikakueleza ukweli. Na ulipoelewa, nikasubiri. Nilidhani sasa utakwenda kwake umsalimie kama mtu. Ukasema, "Mama, hiyo ni hatari kubwa. Hakuna maandishi popote. Akifa je?"

Nilirusha mwiko. Samahani kwa mwiko. Ulipita mbali.

Lakini lile swali lilibaki jikoni baada ya wewe kutoka. Niliosha vyombo nalo. Nilikwenda nalo shambani. Akifa je? Ni swali lilelile la kiwanja cha Zuhura, limerudi kwangu baada ya miaka yote hii, na mimi nimeolewa juzijuzi tu, nimejaa furaha hadi masikioni, na ninakaribia kulimeza tena kwa sababu nampenda. Hapo ndipo nilipokukasirikia kabisa, kwa sababu ulikuwa na haki. Mtu mwenye haki anachosha kuliko mwenye makosa.

Nikamwuliza. Siku tatu niliizunguka hiyo habari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaenda naye kunywesha ng'ombe, nikakaa naye chini, nikamwacha aseme habari za baba yake, za ndama aliyezaliwa kilema, za marehemu mkewe ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja. Halafu nikasema, "Masanja, ukiondoka wewe, mimi nitajuaje?"

Aliinuka akamsogeza ndama mmoja kwenye maji. Halafu akasema, "Hilo ni swali la mtoto."

"Ni la mtoto. Na ni langu."

"Siku ile niliulizwa kama ng'ombe mnadani," akasema. "Leo nimeulizwa kama mtu anayetakiwa aishi." Akacheka kidogo. "Nitakupeleka nyumba moja moja, kama mgeni. Tutakunywa maziwa, hatutasema kitu. Utakuwa umejua, na wao watajua kwamba umejua. Hayo ndiyo maandishi yetu."

Juzi, uliponiuliza tumekwenda wapi na pikipiki, nami nikiwa nimevaa kitenge cha harusi, tulikuwa tumekwenda nyumba ya kwanza. Jina siliandiki, karatasi hudondoka. Mama wa pale alitupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mazito, ya kula siyo ya kunywa. Mtoto wake mdogo akanishika mkono akanipeleka zizini. "Huyu ni wetu, na huyu ni wetu, na huyu mwenye baka ni wangu mimi." Nikasema, "Ng'ombe wenu ni wazuri sana." Nilipogeuka, yule mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaniangalia tu. Lakini tulipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akachelewa kuuachia.

Sijui kama maandishi yako yanaweza hivyo. Huenda yanaweza zaidi, sitabishana. Ukitaka baadaye mkae na Masanja mtafute namna ya kuandika isiyomwumiza mtu, mimi nitafurahi, na nadhani yeye pia. Kichwa unacho, na hilo halijawahi kuwa tatizo lako.

Barua ya hao watu wa wiki ijayo umenisomea mwenyewe: safari hii hawatamweka mwenzao ajifanye. Ni mwenye kampuni wa kweli, mama mmoja mwenye malori, na wewe utakaa naye peke yako, halafu wao watamwuliza yeye kama anakutaka ndani ya vitabu vyake vya hesabu. Yeye ndiye atakayesema. Skola, huyo mama kuna mahali atafunga faili. Utamwuliza jambo na atafunga. Nakuomba usikimbilie kusema anaficha. Inawezekana anaficha, watu wanaficha, na kazi yako ni kujua. Lakini inawezekana ndani ya lile faili kuna mtu anamkinga. Dereva wa zamani, mdogo wake, mjane wa mtu. Ukikaa kimya pale alipofunga, anaweza akafungua mwenyewe. Ukisukuma, utapata kile ulichopata kwenye kochi letu: kikombe kilichorudishwa vizuri kwenye sinia.

Na uulize. Mwishoni uulize hata kama ni gumu, hata kama umeshampenda. Hasa kama umeshampenda. Usije ukaniiga mimi kwa kuona haya baada ya kusoma barua hii, nitakasirika mara ya pili.

Nilipanga kuitia barua begini uikute Tabora. Nimebadili mawazo. Tabora utaisoma, utatikisa kichwa, utasema mama naye, na Masanja atakuwa huku. Masanja amesema kesho kabla ya treni ya mchana kuna nyumba ya pili, iko njia ya stesheni. Yuko tayari kwenda nawe. Nikamwambia nitakwambia. Akakataa. "Aombe mwenyewe," akasema. "Siyo kwa sababu mimi ni mkubwa. Nataka nimsikie akiomba."

Kwa hiyo nakukabidhi mkononi sasa hivi. Nasikia sauti yako huko barabarani, unagombana na mtu kuhusu nauli. Masanja yuko nyuma anagonga banda la kuku ambalo halina ubovu wowote. Hajui kuandika barua kama mimi, kwa hiyo anagonga misumari.

Usimwambie samahani ndefu, zinamchosha. Usimwambie kabati limekufundisha nini. Soma, funga karatasi, nenda. Mpe shikamoo, chukua kile kigoda cha jikoni, kaa. Halafu nyamaza, Skola. Nyamaza hata ikikuwasha. Acha yeye aanze.

Umeingia. Umevua viatu. Nakupa.

Utasikia nyundo ikinyamaza, mwanangu. Ujue amejua unasoma.

Mama yako anayekupenda na kuchoka na wewe,
Felista